Vioo vya Vespa ya Mzee Ngwali

Kabla sijasema neno, ieleweke kwamba sina malalamiko. Nchi yetu ni nzuri, inaendeshwa vizuri, na mimi binafsi nimeshiba. Jina lake sitalitaja, kwa sababu limebadilishwa tena juzijuzi na siku linatangazwa nilikuwa nimelala. Nikilitaja la zamani nitaonekana natazama nyuma, na kwetu hilo ni kosa lenye kifungo.

Zamani halikuwa kosa. Lilianza siku Mheshimiwa Mtangulizi alipozindua Barabara Kuu. Alikata utepe, akapanda gari la wazi, akapunga mkono, msafara ukaondoka kwa madaha juu ya lami mpya inayonukia. Kwa bahati mbaya akapiga chafya. Chafya ikamgeuza kichwa, na kichwa kikaona: nyuma ya gari la mwisho, wahandisi walikuwa wanaikunja lami kama mkeka, wanaipakia kwenye lori, wanaikimbiza kwa njia ya mkato ili ikatandikwe wilaya ya pili, nayo izinduliwe huko.

Nchi nyingine hapo angefukuzwa mtu kazi. Yetu ni nchi ya kutafakari. Mheshimiwa alitafakari, akagundua kwamba tatizo halikuwa lami wala wahandisi. Tatizo lilikuwa shingo. Asingegeuka, barabara ingekuwa nzima hadi leo. Ikatoka Sheria ya Mbele Tu: raia akiwa barabarani asigeuze uso kupita bega lake, na asigeuze chombo kurudi alikotoka. Na kwa kuwa watu lazima walale makwao, Barabara Kuu ikafanywa ya duara. Unatoka nyumbani asubuhi, unakwenda mbele, mbele, mbele, na jioni unajikuta umefika mlangoni pako. Wageni husema ni mzunguko mrefu kwa mtu aliyetaka kununua chumvi tu. Sisi tumeshazoea, tunanunua chumvi nyingi.

Tungeishia hapo kwa raha zetu, ila wafadhili wakaleta sharti: kila chombo cha moto kiwe na vioo viwili vya pembeni, la sivyo hawatoi fedha za lami nyingine. Serikali yetu haijawahi kukataa sharti la mfadhili, na haijawahi kulitimiza pia. Ikaunda Mamlaka ya Vioo na Mwelekeo.

*

Sasa niwaeleze habari za jirani yangu, Mzee Ngwali, maana ndiye aliyepatwa na haya.

Mzee Ngwali alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi mpaka alipostaafu. Kazi hiyo ilimpa kifua na mabega ya kuziba mlango. Mali yake kubwa ni vespa, rangi ya chai ya maziwa, ya enzi zile ambazo haziruhusiwi kutajwa, gea unabadilisha kwa kuzungusha mkono wa kushoto na kuiwasha ni kupiga kiki. Kila asubuhi huifuta kwa fulana kuukuu, taratibu, anaizungumzisha. Mkewe, Bi Somoe, alikuwa akimwambia dirishani, mtaa mzima ukisikia, "Ngwali! Hiyo vespa ikikuzalia mtoto uniletee nimnyoe nywele!" Alikuwa anamwita mumewe kwa jina lake kavu, jambo lililowaudhi mashemeji wote, na Mzee Ngwali alikuwa akilipenda kuliko wimbo wa taifa. Namaanisha, karibu sawa na wimbo wa taifa.

Kisha Bi Somoe akapigwa na kiharusi. Kililala upande wake wa kulia, mkono na mguu, kikamwondolea kauli. Mwanamke aliyekuwa na maneno ya kutosha mitaa mitatu akabakiwa na sauti moja tu, "mm," na uso. Basi uso ule ukafanya kazi zote. Akiinua nyusi, punguza mwendo. Akifumba macho, nimechoka, tupumzike. Akivuta mdomo kushoto, hilo lilikuwa tusi, na lilikuwa linamhusu mtu aliyepita.

Daktari aliagiza apelekwe kliniki ya mazoezi kila wiki. Ngazi za basi ni ndefu, mguu wake haupandi. Vespa iko chini, anakalishwa tu. Kwa hiyo walikuwa wanakwenda hivyo, mume mbele, mke nyuma, mkono wake mzima umemshika mumewe kiunoni. Na ili azungumze naye njiani, Mzee Ngwali alihitaji vioo.

Alivichagua kwa uangalifu ambao wengine hutumia kuchagua mchumba. Vya kwanza vilikuwa vya vikonyo vifupi, vinafungwa kwenye usukani. Ukivitazama unaona kiwiko chako mwenyewe na bega, basi. Akavirudisha. Vya pili vilikuwa vya mraba, akasema havipatani na taa, vespa imekuwa na sura ya karani. Akahangaika gereji hadi gereji mpaka akapata jozi ya duara, inayong'aa, yenye vikonyo virefu vilivyochomoza kupita mabega yake yale ya tarumbeta. Alinikalisha siti ya dereva nione. Vespa ikiwa imesimama inanguruma, kioo kinatetemeka na Bi Somoe ndani yake anatetemeka. Ikishika mwendo, kioo kinatulia, na uso wake unatua pale, wote, hata kovu la kidevuni. Bi Somoe akaniona ninamwona, akavuta mdomo kushoto.

Walifurahi na vioo vile kipindi kifupi. Ukaja msako. Askari walivivunja kwa heshima, wakiwa wamevifunga kwanza kwenye gazeti ili mzee asije akajikata. Aliuliza kosa ni nini.

"Vinaonyesha," wakamwambia.

Akapewa wiki moja awe na vioo vilivyoidhinishwa, la sivyo vespa itachukuliwa ikayeyushwe. Kuna sanamu ya Mheshimiwa inayojengwa pale makutano, inapungukiwa na kiatu.

*

Nilimsindikiza Mamlaka. Ni jengo zuri lisilo na mlango wa kutokea. Ndani kuna Ukumbi wa Uchaguzi Huru wa Vioo, viti vyote vinatazama ukuta wa mbele, na foleni yao ina utaratibu wa kipekee: aliye nyuma yako hayupo, kwa hiyo kila mtu ni wa mwisho na hakuna ugomvi.

Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Leokadia Mtwivila, alitupokea mwenyewe, amevaa nishani ya vioo vidogovidogo vilivyopakwa rangi nyeusi. Alisimama kwenye jukwaa akasafisha koo.

"Ndugu wananchi," akasema, ingawa tulikuwa wawili, "kioo kisichosimamiwa ni hatari kuliko panga. Panga hukata ulichokwisha kukiona. Kioo hukuonyesha usichotumwa kukiona. Ndiyo maana Serikali yenu sikivu, badala ya kuwanyima vioo kama tawala za kikatili, imewapa vioo, na imewapa uhuru wa kuchagua. Chagueni!"

Pazia likafunguliwa. Kweli vilikuwa vingi, vinapendeza macho. Kulikuwa na Kioo cha Matumaini, ambacho kimegeuzwa mbele, kwa hiyo unaona mara mbili kile ulichokuwa unakiona. Kulikuwa na Kioo cha Mandhari, kimechorwa lami nyeusi tii, miti pembeni, na watoto wa shule wanapunga bendera. Hiki, alituambia, ndicho kinachonunuliwa zaidi na viongozi. Kulikuwa na Kioo cha Uzalendo chenye picha ya Mheshimiwa Mtangulizi akikutazama wewe, ili usijisikie mpweke barabarani. Na kulikuwa na Kioo cha Familia, cha wanaobeba abiria, chenye picha ya mwanamke aliyevaa miwani ya jua, anacheka meno yote. Baadaye nilisikia ni mpwa wa Mkurugenzi, lakini sikusikia kwa makusudi.

Mzee Ngwali alivipitia kimoja kimoja, anavipangusa kwa kidole, anaangalia nati, anapima vikonyo kwa kiganja. Alikuwa bado anaamini amekuja dukani.

"Mheshimiwa," akasema, "vyote ni vizuri, Mungu avibariki. Ila mimi naulizia kile kinachoonyesha nyuma."

Mhudumu aliyekuwa analeta chai akaliweka sinia chini polepole, akatoka.

"Nyuma ipi?" akauliza Mheshimiwa Leokadia.

"Nyuma yangu, mama. Kwenye siti."

"Mzee wangu, nyuma ni dhana. Wataalamu wetu wameitafuta. Wametembea nchi nzima, na popote walipokwenda, walichokiona kilikuwa mbele yao."

"Kuna mke wangu," Mzee Ngwali akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hana kauli, mama. Nisipomwona uso sijui kama anaumwa, sijui kama anataka maji, sijui kama anateleza. Kushika anashika, lakini mkono wenyewe ni mmoja na umechoka. Mimi sitaki kuona barabara. Sitaki kuona lami, ikunjwe isikunjwe. Nataka uso mmoja tu."

Mheshimiwa Leokadia alitoa kitambaa, akajifuta macho. Si mtu mbaya. Nasema hivi kwa dhati, si kwa woga peke yake.

"Umenigusa," akasema. "Mamlaka inakusikia. Mamlaka inakulilia. Kwa hiyo nakushauri uchukue Kioo cha Familia. Umeomba uso wa mwanamke, na sisi uso tunao, tena unacheka."

"Siyo wake."

"Utauzoea."

Mzee Ngwali akafikiri, akauliza kama basi, pale penye picha, inaweza kubandikwa picha ya mkewe. Anayo ya harusi.

"Ilipigwa lini?"

"Ah, miaka hiyo, mama, hata kabla ya—"

"Umeona? Iko nyuma."

Akaomba walau viwe vya duara, vilingane na taa. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa masikitiko, mbele na juu na chini, pembeni hapana. Duara, akasema, hurudi lilikoanzia, na hilo ni fundisho baya kwa vijana. Mimi nikaropoka, "Na Barabara Kuu je, si duara?" Mzee Ngwali alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshasema.

"Barabara Kuu," akajibu Mheshimiwa Leokadia bila kukasirika, "ni mstari ulionyooka wenye subira."

Na vikonyo virefu? Vimepigwa marufuku, vinamshawishi mtu kuvigeuza. Kwa hiyo Mzee Ngwali, akitumia uhuru wake wote wa kuchagua, alichagua Kioo cha Familia, cha mraba, cha kikonyo kifupi. Wakatupigia makofi. Alipigwa picha ya gazeti akiwa amekumbatia vioo kifuani, macho yameelekea chini, na chini yake wakaandika: RAIA ACHAGUA.

*

Siku ya mwanzo Bi Somoe alipokalishwa kwenye vespa alimwona yule mwanamke kabla ya mumewe kumwelezea. Alimtazama kwa jicho ambalo waume wote wanalijua. Kisha akanyoosha ule mkono mmoja kupita bega la Mzee Ngwali, akakipiga kioo kibao. Hakikutikisika. Kilitengenezwa kwa viwango.

"Si mtu huyu, Somoe," Mzee Ngwali akamwambia. "Ni Serikali."

Bi Somoe akavuta mdomo kushoto, tusi refu ajabu, ila mumewe hakuliona kwa kuwa lilikuwa nyuma.

Walijaribu njia nyingine. Nesi aliwashauri Bi Somoe awe anambonyeza mumewe kiuno: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Lakini vidole vile vilikuwa vinajibonyeza vyenyewe kila penye shimo, na Barabara Kuu, kwa sababu ambazo haziko mbele yetu, ina mashimo. Mzee Ngwali alikuwa anasimamishwa na maswali aliyoyadhania, "Nini mama? Ndiyo nini?" na magari yanampigia honi. Wiki moja Bi Somoe alitapika njia nzima. Mzee Ngwali aliligundua walipofika, alipoona gauni lake. Alikuwa ametazama kioo safari yote, na safari yote mwanamke wa miwani alikuwa anacheka.

Jioni ile alinijia uani kwangu akakaa kwenye ndoo. "Jirani," akaniambia, "nimemkumbuka Somoe." Nikamwambia Somoe si yuko ndani anakula uji? "Ndani yupo," akasema. "Kule njiani hayupo." Nikammiminia chai.

*

Siku yenyewe mimi nilikuwa nimetangulia kliniki kwa basi, kwa ajili ya shingo. Nusu ya nchi inaugua shingo. Wizara imetuambia ni mito ya kulalia. Kwa hiyo ya njiani sikuyaona. Nimeyapata kwa Koplo Masunga mwenyewe, aliyekuja kukaa nami kwenye benchi baadaye, na sina sababu ya kumshuku, maana hakuna mtu anayejitungia aibu kama ile.

Kabla ya kufika kliniki kuna kizuizi cha askari, na utaratibu wake ni huu: dereva anapita na chombo, abiria anashuka anavuka kwa miguu, ili ionekane raia anasonga kwa juhudi zake. Mzee Ngwali alimshusha mkewe, akaamriwa asogeze vespa upande wa pili, atazame mbele, asubiri askari wamkalishie mkewe nyuma kama kila wiki. Bi Somoe akaanza kuvuta mguu. Jua lilikuwa kali. Katikati ya kizuizi pana tofali la kuzuilia geti; akakaa kidogo apumue.

Koplo Masunga alikuwa amemaliza zamu, shingo inamuuma, anataka kwenda kliniki. Akaona vespa inanguruma, siti ya nyuma haina mtu. Askari kupanda lifti kwetu si kuomba, ni utumishi. Akapanda. Koplo ni mwembamba, mishahara yao inajulikana. Siti ikabonyea kiasi kilekile. Kwa kuwa hakupenda kuanguka, akamshika mzee kiuno kwa mkono mmoja. Bi Somoe hakumwona. Alikuwa amefumba macho, anapumzika.

"Mbele, mzee!" askari wa zamu akapiga kelele. "Unazuia maendeleo!"

Mzee Ngwali akaondoa.

"Umekaa vizuri, mama?" akauliza baada ya kitambo.

Koplo aliniapia kwamba alitaka kusema. Lakini kumshtua dereva mpaka akageuka ni kosa la aliyeshtua, na kusimama Barabara Kuu bila sababu ya kitaifa ni kosa jingine, na yeye ndiye anayewakamata watu kwa makosa hayo. Akaguna tu.

"Mm."

"Vizuri," Mzee Ngwali akasema. Akaenda kidogo. "Huyu wa kwenye kioo ameshaanza meno yake. Simpendi, unajua. Wewe hukuwahi kucheka meno yote. Unacheka upande, tangu siku ile nakuona kwenye gwaride umesimama na dada zako, unacheka upande, unanicheka mashavu. Nilikosea noti nzima, kamanda akanikata mshahara wa siku mbili." Vespa ikaruka shimo. "Nimeukumbuka uso wako, Somoe. Ajabu gani hii, mtu kumkumbuka mke aliyemshika kiuno."

Wakapita bendera. Wakapita sanamu isiyo na kiatu.

"Nesi kasema ujaribu neno moja kila siku. Jaribu jina langu. Ulikuwa unalipiga mpaka sokoni, leo limekushinda? Jaribu, mama. Hata nusu yake. Sitakucheka."

Alipunguza mwendo ili injini isimzuie kusikia. Akasubiri. Koplo akatazama mbele kama mtu aliye kwenye gwaride.

"Basi, usijali," Mzee Ngwali akasema. "Kesho."

Koplo aliniambia ni ile "kesho" iliyommaliza, jinsi ilivyosemwa bila lawama yoyote. Aliona kwamba mzee huyu ameisema kila siku tangu ugonjwa uingie nyumbani mwake, na ataisema tena. Akainama karibu na kofia ya mzee, akaibana sauti mpaka ikawa pumzi tu, akalisema jina aliloliandika kila wiki kwenye daftari la kizuizi:

"Ngwali."

*

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anapiga tarumbeta kwa midomo mitupu, wimbo wa gwaride, kwa nguvu za mapafu yote yale. Vespa ikaingia uwanjani, ikalipita benchi letu, ikasimama mbele yetu mlangoni kwa nesi.

"Nesi!" akaita, machozi yamejaa ndevu. "Amesema! Somoe amesema! Amelitaja jina langu lote!"

Tulipiga makofi, macho yote yako kwenye ndevu zile, hakuna aliyeangalia siti ya nyuma. Sisi ni watu tuliozoea kupiga makofi, lakini yale yalitoka yenyewe. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Mzee Ngwali akazima injini, akashuka, uso mbele, akanyoosha mkono nyuma kama afanyavyo siku zote kumsaidia mkewe ashuke. Mkono mwingine ukaupokea. Niliona mabega yake yakisimama. Hakugeuka, hakuwa na haja ya kugeuka. Alijua kwa kiganja.

"Somoe yuko wapi?"

Koplo Masunga akashuka mwenyewe, akavua kofia. "Mzee wangu, nisamehe. Nadhani yuko kule kizuizini."

"Na aliyelitaja jina langu?"

Koplo aliikunja kofia yake mikononi kama kitambaa cha kukamulia tui, na mzee akaelewa. Nilitamani angempiga. Koplo naye alitamani, aliniambia. Lakini Mzee Ngwali aliushusha tu mkono, akabaki anatazama mlango wa kliniki, na kwenye usukani wa vespa wale wanawake wawili wanacheka.

Kugeuza vespa haiwezekani. Kuifuata Barabara Kuu mpaka izunguke irudi kizuizini ni mpaka jioni, na Bi Somoe yuko juani, hawezi kuomba maji, hawezi kumwambia mtu yeye ni nani wala ni wa nani, na kila anayepita amempa mgongo kwa mujibu wa sheria.

"Koplo," Mzee Ngwali akasema, "sheria inasema uso usigeuke. Na chombo kisigeuke."

"Ndiyo, mzee."

"Miguu je?"

Koplo alifikiri kwa uaminifu. "Miguu haikutajwa, mzee wangu."

Basi Mzee Ngwali akaiacha vespa pale pale, akaelekeza uso kwenye mlango wa daktari kama raia mwema, akaanza kutembea kinyumenyume. Alitupita benchini, karibu sana, bega kwa bega nasi, nikauona uso wake kwa upande. Mimi ni mtu mzima na nimeona misiba. Uso ule ulinitia uchungu ambao sijui niuweke wapi mpaka leo.

Kisha akawa nyuma yetu, na benchi la kliniki, kama benchi zote, linatazama mbele. Tukabaki na masikio.

"Somoe!" alikuwa anaita. Hatua kadhaa. "Somoe!" Anamwita mtu asiyeweza kuitika, kwenye njia asiyoiona. Tulisikia honi. Tulisikia akianguka, kokoto zikimwagika, mtu akimtukana, na yeye akiinuka na kuita tena. Hakuna aliyegeuka. Mimi nilijaribu. Nawaapia nilijaribu, na shingo ilikataa mahali palepale sheria inapokataza. Koplo Masunga alikuwa amekaa kando yangu, kofia usoni, mabega yanamtetemeka.

Nesi akatoka na karatasi yake.

"Somoe binti Haji!" akaita.

Kule nyuma, mbali sasa, sauti ya mzee ikaita jina lilelile.

"Somoe binti Haji hayupo?" nesi akarudia, akitutazama mmoja mmoja. Tulikuwa tunasikiliza kote kuwili, mbele yetu na nyuma yetu, na kote kuwili hakuna aliyeitika.

"Haya, anayefuata," nesi akasema.

Nilikuwa mimi. Nikasimama.